Wakalvini Wasiojiita Wakalvini: Urambo na Njia ya Misafara



Ukiuliza hapa Tabora kama mkoa huu uliwahi kuwa na Wakalvini, utajibiwa upesi kwamba hawakuwepo. Wakatoliki wapo tangu siku za Mapadre Weupe. Wamoravian wapo, na makao makuu ya jimbo lao la magharibi yako mjini humu. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste nao wapo. Hakuna kibao cha kanisa kilichoandikwa jina la Calvin, wala mzee anayekumbuka kuitwa hivyo. Hata hivyo, kuanzia 1879 hadi 1898 kituo cha misioni cha Urambo, magharibi ya mji huu, kilishikwa na watu waliotoka katika makanisa yaliyozaliwa na kulelewa na mafundisho ya Yohane Calvin. Walikuja kwa njia ileile ya pembe na vitambaa, wakalipa hongo ileile, wakaugua homa ileile, wakakabidhi kituo wakaondoka. Ninalotaka kulithibitisha leo ni kwamba neno “Wakalvini” limebeba maana tatu ambazo si lazima zikae kwa mtu mmoja, na kwamba tusipozitenganisha tutaisoma vibaya historia ya Ukristo wa Unyamwezi, ama kwa kuwapa watu jina wasilokuwa nalo, ama kwa kufuta mchango wao kwa sababu tu hawakulitumia jina hilo.

Tuanze na jina lenyewe, maana lilizaliwa katika ugomvi. Calvin alizaliwa Noyon, Ufaransa, mwaka 1509, akafa Geneva mwaka 1564. Katika miaka ya 1550 mchungaji Mlutheri wa Hamburg, Joachim Westphal, alimshambulia kwa maandishi kuhusu Meza ya Bwana, yaani kama mwili wa Kristo umo ndani ya mkate au waumini wanaupokea kwa Roho na imani. Katika mabishano hayo Walutheri walianza kuwaita wapinzani wao “Wakalvini”, kwa nia ya kusema kwamba hawa ni wafuasi wa mtu, wameacha kuwa wafuasi wa Kristo. Calvin mwenyewe hakulipenda. Mwaka 1563, alipomtunukia mtawala Frederick III mafafanuzi yake ya kitabu cha Yeremia, alililalamikia jina hilo kama tusi. Waliotusiwa walijiita kwa namna nyingine: makanisa yaliyotengenezwa upya kwa Neno la Mungu. Mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648, ulipowapa haki za kisheria katika dola ya Wajerumani, uliwataja kwa jina hilo la Matengenezo. Kwa hiyo karibu miaka mia moja baada ya ugomvi wa Hamburg, sheria iliandika jina lao na vinywa vya watu vikaendelea na lile la kejeli. Ufaransa waliitwa Wahugenoti, neno ambalo asili yake inabishaniwa hadi leo, nalo pia walipewa na wengine. Wales ndiko waumini walikolichukua jina la Calvin wazi na kuliweka katika jina la kanisa lao, wakijiita Wamethodisti wa Kikalvini ili wasichanganywe na wafuasi wa Wesley.

Katika kutumika kwake kwa karne nne, jina hilo lilikusanya maana tatu. Ya kwanza ni fundisho juu ya wokovu: kwamba Mungu ndiye anayeanza na ndiye anayemaliza, na kwamba wateule waliteuliwa kwa neema kabla hawajafanya jema wala baya. Sinodi ya Dort huko Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, ililipanga fundisho hili katika vichwa maarufu vya mafundisho, na Ungamo la Westminster la miaka ya 1640 likalieleza kwa mapana. Maana ya pili ni utaratibu wa kanisa: pasipo askofu anayetawala, wazee waliochaguliwa wanaongoza pamoja na mchungaji, na nidhamu ya waumini iko mikononi mwao. Hapa wafuasi waligawanyika. Wapresbiteri waliziunganisha sharika chini ya mabaraza ya wazee, na Waindependenti wakashikilia kwamba kila usharika ujitawale. Maana ya tatu ni ukoo: mtu ni wa jamaa ya Geneva, Uskoti, Uholanzi au Wales kwa malezi na historia, hata kama hajawahi kulisoma Ungamo lolote. Mtu anaweza kuwa na moja ya maana hizi bila nyingine. Mwanglikana wa karne ya 17 aliweza kushika fundisho la uteuzi huku akiwa chini ya askofu, na Mskoti wa karne ya 19 aliweza kukaa katika kanisa la wazee akiwa amelitupa fundisho la uteuzi.

Sasa tuitazame misioni iliyofika kwetu. Shirika la Misioni la London lilianzishwa mwaka 1795. Waanzilishi wake walikuwa Waindependenti, Wapresbiteri, Wamethodisti wa mrengo wa Calvin na baadhi ya Waanglikana wa Kiinjili. Wafuasi wa Wesley, waliokataa uteuzi wa Calvin, walikuwa na njia yao wenyewe. Kwa hiyo waanzilishi hawa, waliotofautiana juu ya maaskofu na wazee, karibu wote waliafikiana juu ya neema. Mwaka 1796 walipitisha kanuni waliyoiita ya msingi: shirika lisipeleke Upresbiteri, wala Uindependenti, wala uaskofu, wala utaratibu wowote ambao watu wema wanaweza kutofautiana juu yake, bali lipeleke Injili, na waongofu waachiwe wajichagulie utaratibu wanaouona unaafikiana na Neno la Mungu. Kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa suala letu. Watu ambao waliunganishwa kimyakimya na fundisho la Calvin walikubaliana kutolibeba jina lolote. Mmisionari wa London aliyewafundisha watu wa Urambo kuitwa Wakalvini angekuwa anavunja kanuni ya shirika lililomtuma.

Ukoo huo ulifika Tabora kabla ya misioni. David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, katika nyumba iliyolelewa na Kanisa la Uskoti. Katika miaka ya 1830 baba yake alilihama kanisa hilo akaingia usharika wa Waindependenti wa Hamilton, akivutwa na mahubiri yaliyosisitiza kwamba neema imefunguliwa kwa kila mtu. Mwanawe alipokelewa na Shirika la London mwaka 1838, akaachana nalo mwaka 1857. Alipokaa Kwihara, karibu na mji huu, mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley na kisha peke yake akingoja wapagazi hadi Agosti, hakuwa tena mtumishi wa shirika lolote la misioni. Baada ya kifo chake mwaka 1873 ndipo makanisa yake ya asili yalipojiona yanadaiwa. Tajiri wa Leeds, Robert Arthington, aliahidi pauni 5,000 ili misioni ianzishwe Ujiji, na shirika likakubali. Roger Price, mtu wa Wales aliyekuwa amefanya kazi kusini mwa Afrika, alitumwa mwaka 1876 kupima kama magari ya ng'ombe yangeweza kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Msafara ulianza mwaka 1877. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe, na mizigo ikarudi palepale ilipokuwa siku zote, mabegani mwa wapagazi. Ujiji walifika Agosti 1878. J. B. Thomson alikufa huko mwezi uliofuata, Arthur Dodgshun akafa Aprili 1879 siku chache tu baada ya kuwasili, na katibu wa shirika, Joseph Mullens, aliyekuja mwenyewe kuongoza msafara wa pili, hakuvuka hata Mpwapwa.

Mmisionari wa shirika hilo, Dokta Ebenezer Southon, ndiye aliyefika Urambo mwaka 1879 na kupokelewa na Mtemi Mirambo. Mirambo alimtaka daktari na alitaka mlango wa kuzungumza na Waingereza wa Zanzibar, kwani Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wameishika njia kuu ya biashara. Southon alimpa vyote viwili kwa kadiri alivyoweza, hadi alipokufa mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mirambo alifuata Desemba 1884, na dola aliyoijenga ikaanza kumeguka. Waliomrithi Southon waliendelea kufundisha, kutibu na kuhubiri katika nchi iliyojaa vita, kisha Wajerumani wakaingia. Waliobatizwa katika miaka hiyo yote walikuwa wachache mno. Shirika la Kiingereza ndani ya koloni la Kijerumani lilikuwa katika hali ngumu, na nguvu zake zilikuwa zimehamia kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 Urambo ilikabidhiwa kwa Wamoravian wa Herrnhut, ambao tangu 1891 walikuwa wameanza kazi Rungwe.

Tupime sasa kwa zile maana tatu. Kwa ukoo, wamisionari wa Urambo walikuwa Wakalvini bila shaka. Kwa utaratibu, walikuwa nusu: walitoka katika sharika zinazojitawala, lakini usharika wa kujitawala haukuwahi kukomaa Urambo, kwa kuwa hapakuwa na waumini wa kutosha kuchagua wazee wao. Kwa fundisho, walikuja chini ya kanuni iliyowataka waihubiri Injili na kuacha bendera nyumbani. Basi yule anayesema Wakristo wa kwanza wa Urambo walikuwa Wakalvini anasema zaidi ya ushahidi. Na yule anayesema kwamba Ukalvini haukuwa na sehemu yoyote katika historia ya mkoa huu amesahau kuuliza ni nani waliowatuma watu hao, na waliunganishwa na nini.

Makabidhiano yenyewe yana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Wamoravian husema, na ni kweli, kwamba mizizi yao ni ya Yan Hus na ya Umoja wa Ndugu ulioanzishwa Bohemia mwaka 1457, kabla Luther wala Calvin hajazaliwa. Lakini Ndugu hao wa Bohemia na Moravia waliishi karibu sana na Wakalvini wa Ulaya ya kati. Askofu wao mashuhuri Comenius alisomea Herborn, chuo cha Kikalvini nchini Ujerumani. Umoja ulipofufuliwa Herrnhut katika karne ya 18, kabaila Zinzendorf, Mlutheri kwa malezi, aliweka mpango unaojulikana kama tropus: ndani ya Umoja mmoja zitambuliwe njia tatu za malezi, ya Kimoravian, ya Kilutheri na ya Kikalvini, na mtu asilazimishwe kuitupa hazina ya kanisa lililomlea. Kwa hiyo mwaka 1898 kituo kilitoka kwa shirika lililokataa kubeba jina kikaenda kwa kanisa lililokubali kwamba Mkalvini aweza kukaa ndani yake bila kulibadili jina la nyumba. Kule Urambo jina la Calvin halikupotea kwa uzembe wa mtu. Pande zote mbili za makabidhiano zilikuwa na sababu ya kiimani ya kutolipigania.

Yapo mapingamizi, nami nitayajibu yenye uzito. La kwanza ni kwamba hata ukoo huo ulikuwa umepoa. Waindependenti wa Uingereza walitoa tamko la imani mwaka 1833 ambalo bado lilishika uteuzi, lakini kufikia miaka ya 1870 wengi wao walikuwa wameliacha fundisho hilo pembeni. Mwaka 1877, mwaka uleule msafara ulipoondoka pwani, mkutano wa Leicester uliwagawanya Waindependenti juu ya swali kama ushirika wa Kikristo unahitaji makubaliano ya mafundisho hata kidogo. Je, inafaa kuwaita watu wa namna hiyo Wakalvini? Pingamizi hili ni la kweli, na badala ya kunivunja linanisaidia. Linaonyesha kwamba ukoo unaweza kuendelea kuzaa matunda baada ya fundisho kufifia. Namna yao ya kusoma Biblia, shaka yao juu ya mamlaka ya maaskofu, imani yao kwamba kazi ya fundi seremala, daktari au nahodha ni wito sawa na wa mhubiri, yote hayo yalitoka katika nyumba ile. Edward Hore, mmisionari wa London aliyekuwa nahodha, alipoyapima na kuyachora maji ya Ziwa Tanganyika alikuwa akifanya kazi ambayo makanisa yake yaliihesabu kuwa utumishi. Ndiyo sababu nasisitiza tuseme ni maana ipi tunayoikusudia.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi hapa kwetu kuliko mahali pengine popote. Mtu atasema: majina mengi ya heshima yalianza kwa kupewa na wengine. Wanyamwezi wenyewe hawakujiita Wanyamwezi. Watu wa pwani ndio waliowaita hivyo wote waliotoka magharibi na mizigo, na wao wenyewe walijitambua kwa himaya zao, Unyanyembe, Uyowa, Ukonongo na nyinginezo. Leo jina hilo ni lao, wanalitamka kwa fahari. Hata jina “Wakristo” lilianzia Antiokia kwa kuitwa na wengine. Kwa nini basi tusiwaite Wakalvini watu waliolikataa jina, ikiwa wakati hulihalalisha? Jibu ni kwamba wakati peke yake hauhalalishi kitu. Jina la Wanyamwezi lilihalalishwa na Wanyamwezi, walipolichukua wakalibeba hadi pwani na kurudi nalo, wakalitumia kujitambulisha kambini na sokoni. Kinachogeuza jina la kupewa kuwa jina la mtu ni kukubali kwake. Wales walikubali, na tunawaita Wakalvini bila kosa. Urambo hakuna aliyekubali kwa sababu hakuna aliyeulizwa, na mwanahistoria hana mamlaka ya kumkubalia marehemu.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wanaodhani kwamba jambo hili halistahili mhadhara, kwa kuwa Ukalvini ni kadari tu iliyovishwa mavazi ya Kizungu. Katika mji ambao Waislamu na Wakristo wameishi ukuta kwa ukuta tangu karne ya 19, ulinganisho huo huja wenyewe, na kila mmoja wetu husema “ni majaliwa” bila kuuliza neno hilo ni la dini gani. Lakini anayelinganisha na alinganishe kwa haki. Wanazuoni wa Kiislamu wana mjadala wao mrefu juu ya kudra ya Mungu na wajibu wa mwanadamu, na si haki kuufupisha kuwa kukaa bure na kungoja. Vivyo hivyo Ungamo la Westminster, katika sura yake ya tatu, linakana waziwazi kwamba amri ya Mungu inaufuta uhuru wa viumbe au kuziondoa sababu za kawaida za mambo. Historia nayo inashuhudia. William Carey, aliyewaamsha Wabaptisti wa Uingereza mwaka 1792 waende India, alikuwa mwamini wa uteuzi, na waanzilishi wengi wa Shirika la London vilevile. Kama fundisho hilo lingemfundisha mtu kwamba wateule wataokoka hata asipohubiri, lisingewaleta watu wake kufa Ujiji mmoja baada ya mwingine.

Tukiangalia majirani zetu, tofauti ya matumizi inazidi kuwa wazi. Kenya, kazi ya Waskoti iliyohamia upande wa Dagoretti na Thogoto mwaka 1898 ilizaa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, ambalo jina lake linataja utaratibu wa wazee. Upande wa Eldoret, kazi iliyoanzishwa miongoni mwa walowezi wa Kiholanzi wa Afrika Kusini ilizaa kanisa linalojiita la Matengenezo, ambalo jina lake linataja historia. Zambia, matunda ya Shirika la London kusini mwa Tanganyika yaliingia mwaka 1965 katika Kanisa la Muungano la Zambia, pamoja na Wapresbiteri, Wamethodisti na kanisa la Barotse, na huko jina linataja umoja. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililochagua jina la Calvin, ingawa yote matatu yana haki ya kuhesabiwa katika jamaa yake. Upande mwingine, siku hizi wapo wahubiri vijana wa Afrika Mashariki, katika makanisa ambayo hayana ukoo wowote na Geneva, wanaojitambulisha kuwa Wakalvini kwa sababu wameyasoma yale mafundisho ya Dort wakayaamini. Hao wana maana ya kwanza peke yake, na wana haki kamili ya kuitumia. Wanachokosea baadhi yao ni kudhani kwamba asiyelitumia jina hilo hana sehemu katika urithi wake. Na wanaowapinga hukosea kwa upande wa pili, wanapolirusha jina hilo kama Westphal alivyolirusha, ili mjadala ufungwe kabla haujaanza.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Neno “Mkalvini” litumike kwa mtu anayeungama fundisho la uteuzi na neema kama lilivyofundishwa na Calvin na warithi wake, na ambaye mwenyewe anakubali kuitwa hivyo. Kwa makanisa, tuyaite kwa majina yaliyojichagulia. Kwa wale wa Urambo wa 1879 hadi 1898, jina sahihi ni wamisionari wa London wa ukoo wa Matengenezo, na kwa waongofu wao jina sahihi ni Wakristo wa Urambo, waliokuja kuwa Wamoravian. Nawaomba walimu wa historia na wa dini katika mkoa huu waache kuianza hadithi ya Urambo mwaka 1898, kama vile Wamoravian walipokea pori tupu. Nawaomba pia wachungaji, kabla hawajamwita mtu Mkalvini mimbarani, wawaambie waumini wanamaanisha imani yake, utaratibu wa kanisa lake, au nyumba aliyolelewa.